Uchunguzi wa Ajali ya Treni Huanza Pale Mkosaji Anapopatikana

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Desemba 1988, dereva wa treni ya abiria iliyotoka Basingstoke kwenda stesheni ya Waterloo jijini London aliona jambo ambalo dereva wa treni hapaswi kuliona. Taa ya ishara iliyokuwa kijani mbele yake iligeuka ghafla kuwa nyekundu wakati ameshaikaribia mno, hawezi tena kusimama. Akaipita. Kanuni zilimtaka asimame kwenye ishara inayofuata na kutoa taarifa, naye akafanya hivyo hivyo: alisimamisha treni, akateremka, akanyanyua simu ya kando ya njia na kumwuliza mwongoza ishara wa Clapham Junction kulikoni. Akajibiwa kwamba ishara haina hitilafu yoyote. Hapo hapo treni yake ikasukumwa mbele kwa kishindo. Treni nyingine, iliyotoka upande wa Poole, ilikuwa imezunguka kona na kuigonga kwa nyuma. Kufumba na kufumbua treni ya tatu, iliyokuwa tupu ikitoka London, ikayavaa mabehewa yaliyokuwa yameangukia njia yake. Ya nne iliyokuwa ikija nyuma ilisimama umbali mdogo tu kabla ya kuongeza maafa. Watu 35 walipoteza maisha na 484 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini kama walivyokwenda kila siku.

Mwongoza ishara hakudanganya. Kwa kadiri alivyoweza kuona akiwa kibandani mwake, mambo yalikuwa sawa. Dereva wa Poole naye hakuwa amelala wala hakukaidi ishara, kwa kuwa ishara ilimruhusu kupita. Breki za treni zote mbili zilikuwa nzima. Kila mtu aliyekuwa kazini asubuhi ile alifuata alichofundishwa, na bado maiti 35 zilitolewa chini ya vyuma.

Nimeichagua ajali hii kati ya nyingi kwa sababu ndani yake swali zima la uchunguzi linaonekana wazi kuliko kwingineko. Hazikupita siku nyingi kabla aliyekosea hajajulikana. Alikuwa fundi mmoja wa ishara. Kama uchunguzi ungeishia kwake, faili lingefungwa, fundi angefukuzwa, na abiria wa kesho yake wangepanda treni katika hatari ile ile iliyowaua wenzao. Kwa bahati aliyekabidhiwa kazi hiyo, wakili Anthony Hidden, alilichukua jina la fundi kama ukurasa wa kwanza.

Ili kuelewa alichokikuta, yafaa kujua jinsi reli inavyotambua kwamba kuna treni mahali fulani. Njia hugawanywa vipande vipande. Katika kila kipande mkondo hafifu wa umeme hupitishwa ndani ya reli zenyewe mpaka kwenye rilei, ambayo ni swichi inayovutwa na umeme. Maadamu mkondo unafika, rilei hubaki imevutwa na mfumo huamini kwamba kipande kile ni kitupu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake huziunganisha reli mbili, mkondo hurudi ulikotoka kabla ya kufika, rilei huanguka, na ishara ya nyuma ya treni hiyo huwa nyekundu. Uzuri wa ubunifu huu, uliotumika tangu karne ya 19, uko katika namna unavyoharibika. Reli ikivunjika, rilei huanguka. Waya ukikatika, huanguka. Umeme ukizimika, huanguka vilevile, na taa huwa nyekundu. Abiria watachelewa, watanung'unika, lakini watafika. Hitilafu moja tu ndiyo inayotisha, nayo ni umeme kuingia kutoka mahali usikotakiwa na kuishikilia rilei juu ilhali treni iko pale. Mafundi wa Uingereza huiita hitilafu ya upande wa hatari, na kazi yao yote imejengwa juu ya kuizuia.

Clapham ilipatwa na hitilafu ya aina hiyo. Mfumo wa ishara wa eneo lile ulikuwa wa mwaka 1936, na mradi wa kuubadilisha ulikuwa ukiendelea. Jumapili ya tarehe 27 Novemba 1988, fundi aliyekuwa chumba cha rilei alifunga waya mpya na kuuondoa wa zamani. Waya wa zamani aliutoa upande mmoja tu. Upande wa pili aliuacha umefungwa kwenye fyuzi, na ile ncha aliyoitoa hakuikata wala kuifunga ipasavyo, bali aliipinda pembeni tu. Kwa majuma mawili ncha ile ilikaa pale bila kumdhuru mtu. Jumapili ya tarehe 11 Desemba kazi nyingine ikafanyika chumbani humo, waya ukaguswa, na ncha ikarejea pale pale ilipokuwa zamani. Kesho yake asubuhi ishara iliyoitwa WF138 haikuweza tena kubaki nyekundu kuilinda treni iliyosimama mbele yake.

Kosa ni hilo, na mtu ndiye huyo. Sasa Hidden akaanza kuuliza maswali ambayo tume nyingi hazipendi kuyauliza, kwa sababu majibu yake hupanda ngazi. Je, fundi huyu alifanya kazi hovyo siku ile tu? Hapana. Kuacha ncha bila kuikata na kuipinda pembeni yalikuwa mazoea yake ya miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumwambia kwamba anakosea. Je, alikuwa na akili timamu ya kazi? Alikuwa amefanya kazi majuma 13 na kupumzika siku moja tu. Kazi nyingi za mradi zilipangwa mwishoni mwa juma, treni zinapopungua, zikawategemea mafundi wale wale kukubali saa za ziada. Msimamizi wake alikuwa wapi? Alikuwa nje na kikundi kingine, ameshika vifaa mwenyewe, kwa hiyo kazi ya ndani haikukaguliwa na mtu.

Kisha likaja swali ambalo kwangu ndilo kiini cha ripoti nzima. Reli ilijua tangu zamani kwamba fundi anaweza kusahau waya. Ndiyo maana palikuwa na hatua ya mwisho: mtu mwingine, asiyehusika na kufunga, ahesabu nyaya kwenye kila kituo cha rilei na kuzilinganisha na mchoro. Nyaya zikizidi idadi ya mchoro, kuna wa ziada. Hesabu hiyo ya dakika chache ingeuona waya ule. Haikufanywa. Aliyekabidhiwa kujaribu mfumo alijaribu kama ishara zinawaka na kuzimika inavyotakiwa, akaridhika. Waraka wa kanuni za majaribio ulikuwepo, lakini haukuwa umeshuka hadi kwa watu waliopaswa kuufuata, wala mafunzo yake hayakuwa yametolewa. Hivyo kosa la mtu mmoja, ambalo mfumo ulitakiwa kulinasa mara tatu au nne, lilipita milango yote ikiwa wazi.

Tena ilikuwa imeshatokea. Mwishoni mwa mwaka 1985, miaka mitatu kabla, hitilafu za upande wa hatari zilitokea kusini hiyo hiyo ya Uingereza, huko Oxted, Northfleet na East Croydon. Hakufa mtu. Zilichunguzwa, mapungufu ya majaribio yakaonekana, na mafunzo yake hayakuenea. Hapa ndipo ninapopata uchungu kila ninapoirejea ripoti hii. Shirika lilikuwa limepewa onyo bila kutozwa uhai wa mtu hata mmoja, nalo likaliweka kwenye faili.

Hidden aliandika kwamba viongozi wa reli walijali usalama kwa dhati. Hakuwaita waongo. Tatizo aliloliona ni kwamba nia njema ya ofisini na desturi mbaya ya chumba cha rilei zilikuwa zimeishi pamoja miaka mingi bila kukutana. Mapendekezo yake yalikuwa 93. Baadhi yalihusu kukata nyaya na kuzihesabu, mengine saa za kazi. Kutoka hapo reli za Uingereza ziliweka kikomo: zamu isizidi saa 12, juma lisizidi saa 72, na katika siku 14 mtu apate angalau siku moja ya kupumzika. Hadi leo mafundi wa huko huviita vikomo hivyo kwa jina la Hidden.

Mtu anaweza kusema Clapham ilikuwa ya enzi za nyaya na rilei, na kwamba kompyuta imeyamaliza hayo. Washington inamjibu. Tarehe 22 Juni 2009, saa kumi na moja hivi jioni, treni ya metro ya mji huo iliigonga kwa nyuma treni iliyosimama karibu na stesheni ya Fort Totten. Watu 9 walikufa, akiwemo mwendeshaji wa treni iliyogonga. Treni ile ilikuwa ikiendeshwa na mfumo wenyewe, na mwendeshaji alivuta breki ya dharura alipoona mkia wa treni mbele yake, akiwa amechelewa. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, iligundua kwamba saketi ya kipande kile cha njia ilikuwa kipofu. Siku tano kabla, kifaa kimoja kando ya njia kilibadilishwa, na tangu wakati huo karibu kila treni iliyopita pale haikuonekana na mfumo. Mawimbi ya umeme yasiyotakiwa yalijizalisha ndani ya mitambo na kukidanganya kipokezi kwamba ishara ya njia tupu imefika. Kwa maneno mengine, umeme uliotoka kusikotakiwa uliushawishi mfumo kwamba hakuna treni. Zaidi ya miaka 20 na bahari ya Atlantiki katikati, na ugonjwa ni ule ule.

Ufanano hauishii kwenye umeme. Mwaka 2005, karibu na stesheni ya Rosslyn, treni za shirika hilo hilo zilikaribia kugongana kwa sababu ya upofu wa aina hiyo. Wahandisi walitafuta kiini, wakabuni namna bora ya kupima saketi, na kipimo hicho kingeiona hitilafu ya Fort Totten. Mafundi waliofanya kazi Fort Totten hawakukijua. Pia mabehewa ya zamani, yaliyokunjana na kuua abiria waliokuwa mbele, NTSB ilikuwa imeshashauri mwaka 2006 yaimarishwe au yaondolewe. Mtu akizisoma ripoti hizi mbili pamoja anashangaa jinsi sura ya onyo la 2005 inavyofanana na ya onyo la 1985.

Kuna pia ajali za mtu aliyeko mbele ya usukani, nazo ndizo zinazotia uvivu katika fikra. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, kitongoji cha Los Angeles, treni ya abiria ya Metrolink ilipita ishara nyekundu ikaingia kwenye njia moja na kukutana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa. Kesho yake tu msemaji wa shirika alitangaza hadharani kwamba dereva ndiye aliyekosea. Wachunguzi hawakufurahia. Ilikuwa mapema mno, ushahidi haujakusanywa, na walikuwepo watu pale stesheni waliosema taa ilikuwa kijani. Msemaji akajiuzulu. NTSB ikachukua zaidi ya mwaka mmoja. Walipima ishara, wakasoma kumbukumbu za mitambo, wakaleta treni mahali pale pale na kuangalia taa huonekana kutoka wapi, wakachukua rekodi za simu. Mwisho wake wakathibitisha kwamba taa ilikuwa nyekundu, na kwamba dereva alikuwa ametuma ujumbe wa simu sekunde 22 kabla ya kugongana.

Basi msemaji alikuwa sahihi. Kwa nini basi wachunguzi waudhike? Kwa sababu kusema kweli kabla ya kuijua si uchunguzi. Kama taa ingekuwa kweli kijani, kama Clapham, wiki zile za mwanzo zingepotea kumlaumu marehemu huku waya ulioua ukiendelea na kazi. Pia kwa sababu hata pale dereva alipothibitika, jibu halikutosha. Simu ya dereva inaeleza kwa nini hakuiona taa. Haielezi kwa nini kukosa kuona taa moja kuliweza kuua watu 25. Mitambo inayosimamisha treni iliyopita nyekundu ilikuwepo duniani, na NTSB yenyewe ilikuwa ikiidai kwa karibu miaka 20. Baada ya Chatsworth bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huo huo ikiamuru mitambo hiyo ifungwe ifikapo mwisho wa 2015. Muda ukasogezwa, ukasogezwa tena, na kazi ikakamilika Desemba 2020.

Ladbroke Grove, magharibi mwa London, inaenda mbali zaidi katika hoja hii. Tarehe 5 Oktoba 1999 treni ya abiria iliyotoka Paddington iliipita nyekundu ya ishara SN109 na kugongana na treni ya kasi iliyokuwa ikiingia mjini. Moto ukawaka, watu 31 wakafa, madereva wote wawili wakiwemo. Dereva aliyepita nyekundu alikuwa amefuzu takriban majuma mawili kabla. Ingekuwa rahisi kuandika "kosa la dereva mchanga" na kufunga kitabu. Lakini Lord Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alikuta kwamba ishara ile ile ilikuwa imepitwa ikiwa nyekundu mara nane katika miaka sita iliyotangulia, na madereva tofauti. Ishara inayopitwa mara nane si tatizo la macho ya watu wanane. Ilikuwa imezibwa na nguzo na nyaya za umeme zilizowekwa juu ya njia, ilikuwa imekaa vibaya, na asubuhi ile jua la chini lilimulika upande wake. Mafunzo ya dereva yalikuwa hafifu. Kamati iliyopaswa kuitazama ishara baada ya matukio yale haikuifanya kazi hiyo.

Katika matukio yote haya kuna jambo linalorudi, na ndilo ninalotaka msomaji abaki nalo: wanaokosea ni wengi, kila siku, katika kila reli. Kosa la mtu ni la kawaida kama mvua ya masika. Kinachohitaji kuchunguzwa ni kwa nini siku ile lilipata njia hadi kwa abiria.

Hilo halimaanishi kwamba hakuna wa kuwajibika. Waliofiwa Clapham walisubiri waone mtu kizimbani. Waliloliona ni shirika la reli la Uingereza, British Rail, likitozwa faini ya pauni 250,000 mwaka 1991 kwa kuvunja sheria ya usalama kazini. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua, kwa sababu sheria ya wakati ule ilihitaji kumpata kiongozi mmoja mwenye dhamana ambaye hatia yake iwe ndiyo hatia ya shirika. Katika shirika kubwa mtu huyo hapatikani: kila mmoja ameshika kipande kidogo cha kosa. Ajali hiyo na nyingine zilizoifuata zilisukuma hatimaye sheria ya 2007 inayowezesha shirika lenyewe kushtakiwa kwa kusababisha vifo. Naiona ni hatua ya haki. Lakini naona pia kwamba mahakama na uchunguzi ni kazi mbili, na zikichanganywa zote mbili huharibika. Mahakama hutafuta hatia ya mtu bila shaka yoyote. Mchunguzi hutafuta kila kilichochangia, hata kisicho kosa la jinai. Fundi anayejua kwamba maneno yake yatampeleka gerezani atanyamaza, na ukimya wake utazikwa pamoja na waya. Ndiyo maana Cullen alishauri Uingereza iwe na chombo huru kisichoshtaki wala kugawa lawama, nacho, RAIB, kikaanza kazi mwaka 2005.

Japani ilionyesha upande mwingine wa adhabu. Huko Amagasaki, Aprili 2005, treni ya abiria iliingia kwenye kona kwa kasi kubwa mno, ikaacha reli na kugonga jengo la makazi. Watu 107 walikufa. Haikuwa kugongana kwa treni mbili, lakini dereva wake, kijana wa miaka 23, alikuwa amepitiliza stesheni iliyotangulia na alikuwa amechelewa sekunde zipatazo 90. Shirika lake lilikuwa na desturi ya kuwapeleka madereva wa makosa kama hayo kwenye "mafunzo" yaliyokuwa ya kudhalilisha. Uchunguzi ulihusisha hofu hiyo na mawazo yake yaliyotawanyika dakika zile za mwisho. Ukali uliowekwa ili treni ziende kwa wakati ulikuwa sehemu ya kilichoua.

Na pale ushahidi unapoharibiwa mapema, hakuna chombo kitakachosaidia. Usiku wa tarehe 28 Februari 2023, katika bonde la Tempi nchini Ugiriki, treni ya abiria na ya mizigo zilikimbia kuelekeana kwenye njia moja kwa dakika kadhaa na kugongana. Watu 57 walikufa, wengi wao vijana. Stesheni masta alikamatwa haraka. Lakini mkataba wa mwaka 2014 wa kufunga mfumo wa ishara, uliopaswa kukamilika mwaka 2016, ulikuwa haujakamilika. Ripoti ya wachunguzi ya mwaka 2025 ilisema eneo la ajali halikulindwa na kwamba ushahidi wa msingi ulipotea. Familia zilizojaza barabara za Athens zilikuwa zimeuona mfano mbaya kuliko wote: mkosaji amepatikana, na ukweli umezolewa na katapila.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa uzito wa haya. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kilima, ikaanza kurudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo karibu na Igandu. Watu 281 walikufa, idadi inayozidi jumla ya waliokufa katika migongano yote niliyoitaja hapa. Treni ile ilikuwa ya safari ndefu, si ya kwenda kazini, lakini swali lake ni lile lile: breki zilishindwa, sawa, na ni milango mingapi ilikuwa wazi kabla ya breki kushindwa? Matengenezo yalikaguliwa na nani? Tangu mwaka 2012 Dar es Salaam ina treni za mjini, na mwaka huo huo Nairobi ilifungua stesheni ya Syokimau kwa ajili ya wafanyakazi wanaoingia na kutoka jijini. Mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya zilianza kwenda Morogoro na Dodoma. Mitambo yake ya kisasa inaweza kumsimamisha dereva aliyekosea, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini kila mtambo mpya hufungwa, hurekebishwa na kujaribiwa na fundi aliye kazini usiku wa manane, na Washington ilikuwa na mtambo wa kisasa.

Kwetu, ajali ikitokea, maneno ya kwanza huwa ni mapenzi ya Mungu. Kwa aliyefiwa maneno hayo ni faraja, na hakuna mwenye haki ya kumpokonya. Ya pili huwa kumtafuta mchawi: dereva, stesheni masta, marehemu asiyeweza kujibu. Kati ya hayo mawili ndipo tume huundwa, na ripoti yake mara nyingi mwananchi haioni. Naamini hapa ndipo pa kudai zaidi. Ripoti ya Hidden ilichapishwa chini ya mwaka mmoja baada ya vifo, ikiwa na kila jina la waya na kila saa ya kazi, na yeyote aliweza kuisoma. Ripoti za NTSB na RAIB hupatikana vivyo hivyo. Ripoti inayokaa kabatini haiwezi kumfikia fundi, na kama haimfikii fundi haina tofauti na ule waraka wa majaribio usioshuka hadi chumba cha rilei.

Hata ripoti iliyochapishwa, hata hivyo, huzeeka. Baadhi ya mapendekezo hushindwa kwa fedha: Hidden alitaka mfumo unaozisimamisha treni wenyewe ufungwe nchi nzima, gharama zikaonekana kubwa, na ulikuwa haujafika kwenye treni iliyoipita SN109 miaka kumi baadaye. Mengine hutekelezwa vizuri, halafu watu waliokuwepo wanastaafu. Tarehe 15 Agosti 2017, alfajiri, treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Waterloo, ile ile stesheni ambayo abiria wa Basingstoke na Poole walikuwa wakiiendea, ilielekezwa na swichi ya njia iliyokaa vibaya ikaigonga treni ya kazi. Mwendo ulikuwa mdogo na hakuna aliyeumia vibaya. RAIB ilipochunguza ilikuta kwamba wakati wa kazi za kupanua majukwaa waya wa muda ulikuwa umefungwa kwenye mfumo wa ishara bila kuwamo kwenye mchoro ulioidhinishwa, na haukuonekana katika ukaguzi. Wachunguzi waliandika wazi kwamba mafunzo ya Clapham yalikuwa yameanza kufifia katika kumbukumbu ya reli. Walitaka wanaofanya kazi za ishara wafundishwe upya sababu za kila kanuni wanayoifuata, kwa kuwa wengi wao walikuwa wadogo au hawajazaliwa mwaka 1988.